Mapigo Bila Kuguswa

Siku Oryem alipokuja Munkunyu kujitambulisha, alikuja na kosa moja begani.

Musoki aliliona kutoka mlangoni pa jikoni. Alikuwa anasonga bundu, ule ugali wa muhogo, mwiko mkononi, jasho likimchuruzika shingoni, huku jicho lake moja likimfuata kijana aliyekuwa anapanda polepole kati ya mikahawa ya baba yake. Shati jeupe lililopigwa pasi. Viatu vilivyong'arishwa kisha vikanywa vumbi la njia nzima ya kutoka barabarani. Moyo ulimruka kwa furaha. Halafu akaliona lile begi jeusi, na furaha ikaingia maji.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Amekuja na kamera."

Mama yake, aliyekuwa anachambua majani ya muhogo ya sombe kwenye ungo, aliinua uso. "Kamera ile ile?"

"Ile ile, mama."

"Basi leo tumekwisha," alisema mama, akarudi kwenye majani yake.

Maana kijijini habari ilikuwa imetangulia. Watu waliokuwa wakivuka mpaka pale Bwera walirudi wakisimulia kwamba yule mchumba wa Musoki, mtoto wa watu wa kiwanda cha saruji kule Hima, ana mashine inayochungulia mioyo ya watu bila kuwagusa. Ukikaa mbele yake, hata ukinyamaza, inakusoma. Mzee Tsongo, baba yake Musoki, aliisikia habari hiyo kwa watu wengi tofauti, na kila mmoja aliiongezea chumvi yake.

Ukweli wenyewe Musoki aliujua kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa mbele ya ile kamera mara nyingi zaidi.

Ulikuwa mwaka wa 2019, ule mwaka ambao ugonjwa wa kutapika damu ulikuwa ng'ambo, Kongo, na upande huu wa Uganda kila mtu alikuwa akiusikiliza kama anayesikiliza hatua za mwizi. Musoki, muuguzi kijana mwenye sauti ya upole, alipelekwa kwenye kituo cha ukaguzi karibu na mpaka. Alishinda pale na gambuti na aproni, akielekeza kipimajoto kwenye vipaji vya nyuso za watu: wachuuzi wa mihogo, wanafunzi, akina mama na watoto mgongoni. Hakuna aliyempa mwenzake mkono siku hizo. Watu wa ukoo mmoja walisalimiana kwa viwiko, tena kwa mbali.

Oryem alitumwa na chuo kikuu kuja kupima wauguzi wenyewe. Walitaka kujua mzigo ule unawaelemea kiasi gani kabla hawajaanguka. Lakini muuguzi aliyevaa glavu na kofia huwezi kumfunga nyaya kifuani siku nzima, wala siku zile hakuna aliyetaka kuguswa. Ndiyo maana akaleta kamera.

"Kaa hapa, sista," alimwambia siku ya kwanza, akimwonyesha kiti kilichotazama dirisha. "Usifanye kitu. Pumua tu."

"Nyaya ziko wapi?"

"Hakuna."

"Sasa utapimaje?"

Alitabasamu, na Musoki akaona pengo dogo kati ya meno yake ya mbele. "Kila moyo wako unapopiga, damu inapanda usoni. Rangi ya ngozi inabadilika kidogo sana. Jicho la mtu haliwezi kuona. Hii inaona. Na mabega yako yanapoinuka, inahesabu pumzi."

"Hata kwa ngozi nyeusi kama yangu?"

"Hapo ndipo kazi yangu ilipo," alisema Oryem, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri. "Waliotengeneza mwanzo hawakutufikiria sisi. Ilikuwa inababaika ikituona. Mimi naifundisha."

Kwa wiki kadhaa ilikuwa hivyo tu: kaa, pumua, asante, nenda. Mpaka ikaja ile asubuhi. Musoki alikuwa amemchukua mtoto mwenye homa kali mikononi mwa mama yake na kumpeleka kwenye hema la peke yake, kama sheria ilivyotaka. Mama yule hakupiga kelele. Alimtazama tu Musoki, kimya, kama mtu anayekariri sura ya aliyemwibia. Baadaye ilionekana ni malaria, na mtoto akapona, lakini macho yale hayakumwacha.

Alipoketi mbele ya kamera alikuwa anatabasamu. Oryem alitazama kioo cha kompyuta, akaacha kuandika.

"Musoki," alisema. Hakumwita sista. "Unalala kweli?"

"Nalala."

"Moyo wako haujui kwamba umekaa. Unakwenda kama mtu anayepanda mlima. Jana ulikuwa hivi. Juzi pia."

Alimgeuzia kioo aone mwenyewe ule mstari uliokuwa unarukaruka. "Wakubwa wako hawataona hii usipotaka. Ni yako. Ukiniambia nifute, nafuta. Lakini mimi nimeona, na siwezi kujifanya sijaona."

Hapo Musoki akalia. Alilia kilio alichokuwa amekibana tangu wiki ya kwanza, na Oryem, ambaye hakuruhusiwa hata kumshika bega, alivuta kiti chake hadi kwenye kamba iliyowatenganisha, akakaa. Hakusema pole nyingi. Alikaa tu hadi machozi yalipokwisha yenyewe. Kesho yake alikwenda naye kwa msimamizi, Musoki mwenyewe akaomba mapumziko, akapewa. Alilala nyumbani kwa mama yake kama mtoto mchanga, na alipoamka jambo la kwanza alilotamani kuliona lilikuwa lile pengo la meno.

Penzi lao lilianza hivyo, kwa shukrani, kisha likaota mizizi yake lenyewe. Siku moja alimtania: "Oryem, mashine yako inajua kila kitu. Mbona hujawahi kuitazama nikiingia mlangoni, uone kama moyo wangu unabadilika?"

Oryem aliinamisha macho. "Nafunga kompyuta nikisikia sauti yako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikitaka kujua hilo, nitakuuliza wewe."

Macho yao yakakutana, yakakataa kuachana.

"Basi uliza," alisema Musoki.

Na Oryem akauliza.

* * *

Sasa alikuwa amesimama mbele ya baraza la Mzee Tsongo, begi begani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ikala." Mzee alimwonyesha kiti. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyefanya biashara ya kahawa ng'ambo ujana wake wote, na Kiswahili chake kilibaki cha kule. "Weye iko mutoto wa nani?"

"Wa Blasio, mzee. Fundi wa mitambo, pale kwenye saruji, Hima. Asili yetu ni Kitgum."

"Kitgum." Mzee alilitamka jina lile kama anapima uzito wake. "Ni mbali."

"Ni mbali, mzee. Lakini mimi nilizaliwa Hima."

"Mutu anazaliwa fasi moja, anazikwa fasi ingine." Musoki, aliyekuja na maji ya kunawa, aliona mkono wa baba yake ukikaza kwenye mkongojo. "Na iko nini mu begi?"

Oryem alishusha pumzi. "Vyombo vya kazi, mzee. Nimetoka Bwera asubuhi, kazi imekwisha, navirudisha Kasese. Niliogopa kuviacha njiani. Unisamehe. Haikuwa adabu kuja navyo."

"Hapana, umefanya muzuri." Mzee Tsongo aliegemea kiti, na midomo yake ikajaribu kutabasamu bila furaha. "Banasema hii mashini yako inaona ndani ya roho ya mutu. Ni kweli?"

"Watu wameongeza, mzee."

"Itoshe. Mukalishe binti yangu mbele yake, hapa hapa. Mimi nitamuuliza kama anakupenda. Mashini ijibu. Ikisema ndiyo, tutaongea. Ikisema hapana, utashuka na njia ulipanda nayo."

"Tata!" Musoki alihisi uso ukimwaka. Mama yake alikuwa ametoka jikoni na kusimama nyuma yake, unga bado mikononi.

"Nyamaza. Naongea na muvulana."

Musoki alimtazama Oryem, na ndani ya kifua chake mambo mawili yalikuwa yanapigana. Alijua angekaa kwenye kile kiti na moyo wake ungekwenda mbio mpaka mashine ishangae. Ingekuwa rahisi. Nusu saa tu, na yote yangekwisha. Lakini alihisi pia kwamba kitu fulani kizuri kingevunjika, na hakujua jina lake.

"Hapana, mzee," alisema Oryem.

"Unasema nini?"

"Nasema hapana, kwa heshima. Sitamweka."

"Unaogopa itasema hapana!"

"Ninaogopa, ndiyo, lakini si hilo." Aliweka kofia yake chini. "Mzee, mashine hii inahesabu mapigo. Haijui sababu. Mtu anayependa na mtu anayeogopa, mioyo yao inakimbia sawa. Binti yako akikaa hapa, mbele ya baba yake, aulizwe jambo la aibu kama hilo, moyo utakimbia tu. Nitakuambia ni mapenzi? Nitakuwa nimekudanganya. Na yeye nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu."

Mama aliguna kwa ndani, guno la mtu aliyesikia jambo jema asilolitarajia.

"Lakini kama unataka kupima mtu," aliendelea Oryem, akifungua begi, "nipime mimi. Mimi ndiye niliyekuja kuomba."

Mzee Tsongo hakutegemea hilo. Alikuna kidevu, akatazama kamera ndogo ikiwekwa juu ya meza ikielekea kwenye mwanga, kompyuta pembeni yake. Wingu lilikuwa limeondoka kwenye jua na baraza lote liling'aa. Oryem alikaa mbele, mikono magotini kama mwanafunzi. Mstari ukaanza kuruka kwenye kioo, na kando yake namba kubwa.

"Hii namba ni nini?" aliuliza mzee.

"Mapigo, mzee. Mtu aliyetulia inakuwa chini sana ya hapo."

Musoki alichungulia. "Tata, huyu anakaribia kuzimia!"

Mama alicheka kwa sauti, akaziba mdomo kwa mkono wa unga, na hata mzee mwenyewe pua zilimcheza. "Hata mimi sikuogopa hivi kwa baba yake huyu," alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. Kisha akajikaza tena. Akainuka, akasogea nyuma ya kiti cha Oryem ili akione kioo vizuri, akainama.

"Basi nakuuliza. Utamupiga?"

"Hapana, mzee."

"Utamutoa mu kanisa?"

"Hapana."

"Ukimuoa, utamupeleka mbali?"

Hilo Oryem hakulijibu upesi. Jibu tamu lilikuwa pale, mdomoni, na kila mtu barazani alilijua.

"Inawezekana, mzee," alisema hatimaye. "Kazi yangu haina nyumba moja. Inaweza kuwa Kampala, inaweza kuwa Gulu. Siwezi kukuahidi Kasese. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba hataondoka bila yeye mwenyewe kutaka, na akitaka kurudi kukuona, hataniomba ruhusa."

Uso wa Mzee Tsongo ulikuwa mkavu kama jiwe la kusagia. Lakini Musoki, aliyezoea kukisoma kile kioo, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mistari ilikuwa imekuwa miwili. Kamera ilikuwa imeupata na uso wa pili, ule ulioinama nyuma ya bega la Oryem, na namba yake ilikuwa inapanda, inapanda, huku mwenye uso hatikisi hata kope.

Oryem naye aliiona. Mkono wake ulikwenda haraka, akaifunga kompyuta.

"Mbona unafunga?"

"Samahani, mzee. Imekupima na wewe. Sikukuomba ruhusa. Hayo si yangu kuyaona."

"Umeona nini?"

"Ni yako, mzee. Ukitaka nifute, nafuta."

Maneno yale yale. Musoki alisikia machozi yakimlenga, maana alijua sasa kwamba siku ile ya Bwera Oryem hakuwa anamfanyia hisani msichana mzuri. Ndivyo alivyokuwa kwa kila mtu.

Mzee alishika kiti. "Fungua," alisema. "Nami nione."

Oryem akafungua. Mzee Tsongo akauona moyo wake mwenyewe ukirukaruka kwenye kioo kama kuku aliyekamatwa. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Inasema mimi iko mugonjwa?"

"Haisemi hivyo, mzee. Inasema moyo wako unakimbia. Haisemi kwa nini."

"Mimi najua kwa nini," alisema Musoki.

Wote waligeuka. Hakupanga kusema. Alimsogelea baba yake, akashika ule mkono uliokuwa umeshika kiti.

"Ni Ithungu, Tata."

Jina lile halikuwa limetajwa kwenye baraza lile kwa miaka. Ithungu, dada yake mkubwa, aliyeolewa na Mkenya mmoja mcheshi wa pale kwenye saruji, akaondoka naye kwenda kwao, nyimbo zikimsindikiza hadi barabarani. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Kisha akawa na mimba, kisha simu ikanyamaza, na habari ilipofika Munkunyu alikuwa amekwisha zikwa, yeye na mtoto. Tangu hapo majirani waliacha kumwita mama yao Mama Ithungu. Wakaanza kumwita Mama Musoki, kwa huruma, na mzee akawaacha.

Mzee Tsongo aliketi. Aliketi kwenye kiti cha Oryem, mbele ya kamera, bila kujali, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Sikumuona," alisema. "Mutoto wangu. Hata udongo wake sijauona. Banasema ni mbali. Mbali!" Alifuta uso kwa kiganja. "Nikisikia mutu anasema *mbali*, mimi nasikia banachimba kaburi."

Mama alikuja, akapiga magoti kando yake bila kusema, mkono wa unga juu ya goti la mumewe. Oryem alikuwa amekwisha izima mashine, na alikuwa amesimama pembeni, macho chini, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala.

"Tata," alisema Musoki, "nikuambie kitu ambacho sikukuambia. Ule wakati niliporudi kulala hapa, ukafikiri nimechoka tu? Nilikuwa nazama. Nilikuwa natabasamu kama wewe ulivyokuwa umekauka sasa hivi, na ndani nazama. Wenzangu hawakuona. Wakubwa wangu hawakuona. Hata wewe na mama hamkuona, kwa sababu niliwaficha. Aliyeniona ni huyu. Aliniona, akaniuliza, akangoja nimalize kulia." Akamgeukia Oryem kidogo. "Ithungu hakuwa na mtu wa kumwona. Mimi ninaye. Popote nitakapokwenda, ninaye."

Mzee Tsongo alimtazama binti yake, halafu akamtazama Oryem, na mara hii alimtazama kama mtu, si kama barabara inayoondoka na watoto wa watu.

"Ni kweli, kijana? Binti yangu alikuwa anazama?"

"Alikuwa amebeba mzigo mkubwa, mzee. Kama wote pale. Mimi niliuliza tu."

"Uliuliza tu." Mzee alitikisa kichwa. "Mimi baba yake sikuuliza."

Kuku walipita barazani. Huko jikoni sombe ilianza kuchemka na kumwagika, hakuna aliyekwenda kuiepua.

"Baba yako Blasio, bado beko na nguvu? Anaweza kupanda hii njia?"

Musoki aligeuka haraka kumtazama mama yake.

"Anaweza, mzee," alisema Oryem polepole, akiogopa kuamini. "Mama pia."

"Baje. Wote. Tuongee kama batu, uso kwa uso." Akanyoosha kidole kwenye begi. "Hiyo ibaki Kasese."

"Itabaki, mzee."

Mama alitoa kigelegele kifupi, akakikata mwenyewe kwa aibu, kisha akakimbilia sombe yake. Musoki hakucheka, hakulia. Alisimama pale akimtazama mwanaume yule mwenye vumbi viatuni, naye Oryem akamtazama, na katika macho yale mlikuwa na mambo ambayo wangeyasema kwa miaka mingi, popote ambapo kazi ingewapeleka.

"Wasingya, Tata," alinong'ona. Asante, baba.

Mzee alikuwa amemgeukia kijana.

"Kwenu Kitgum," aliuliza, "mutu akitaka kusema wasingya, anasemaje?"

"Tunasema *apwoyo*, mzee."

"A-pwo-yo." Alilionja, akalirudia chini chini, ulimi wake wa mlimani ukilihangaikia. Kisha Mzee Tsongo akainuka, akavua kofia yake, akasimama wima mbele ya mtoto wa watu wa saruji.

"Apwoyo, mwanangu," alisema. "Kwa kumuuliza."